Mama Kijacho na Mzani wa Msimbazi

Najua nimewatupa. Wengine mmeniuliza kama nimeshajifungua, na mmoja wenu (unajijua) akauliza kama nimeacha uandishi nikaingia kwenye siasa. Hapana jamani. Nipo hapa hapa Kariakoo, ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, na tumbo lipo mbele yangu kama kawaida. Leo ni wiki ya 36 na siku sita. Kesho saa 12 asubuhi natakiwa wodini. Usingizi umegoma, mama yangu anakoroma kwenye kochi, mume wangu anahesabu glovu kwa mara ya tatu, nami nimeona bora niongee na nyie.

Ngoja nianze na kijana wa mzani.

Kama unapita Msimbazi jioni unawajua wale vijana. Mzani chini, kijiti cha kupimia urefu pembeni, na spika inayorudia maneno yale yale mpaka usiku unayaota: pima uzito, pima urefu, ujue afya yako. Miaka yote niliyokaa Kariakoo nilikuwa nawapita tu. Siku moja, mimba ikiwa ya wiki 33, nikapanda. Utani tu, nilikuwa nasubiri mvua ipungue. Kilo 71. Nikampa hela yake nikaenda zangu. Kesho yake nikapanda tena. Wiki ilipokwisha nimekuwa mteja wa kudumu, kijana akiniona natokea upande wa Mkunguni anaanza kufukuza watu: "Mpisheni mama kijacho!" Kliniki wananipima siku ya kliniki tu, mimi Msimbazi napima kila jioni. Napima na viatu, na mkoba, na siku nyingine na nyanya za kilo mbili mkononi. Takwimu za namna hiyo ningempelekea mhariri wangu angenirudishia kabla ya kufika aya ya pili. Lakini zangu niliziamini kama Msahafu.

Nisiwafiche. Nilikuwa naogopa kuzaa. Si ile hofu ya kawaida ya kusema "mh, uchungu unauma eti." Nilikuwa naogopa kufa. Na kwa kuwa hilo huwezi kulisema mezani watu wakiwa wanakula, woga ukatafuta mahali pengine pa kukaa, ukaenda kukaa kwenye kilo.

Sasa mjue kwamba mjamzito Kariakoo ni mali ya umma. Ukikatisha Mtaa wa Kongo machinga watatu watakuambia jinsia ya mtoto kabla hujafika kona, na hawatakubaliana. Mama wa vitumbua anakuongezea kimoja, "hicho cha mtoto." Mzee wa kahawa ambaye mwaka mzima hajawahi kukusemesha anakuuliza unalalia ubavu gani. Na kila mtu ana maoni juu ya mwili wako. Kwetu kunenepa ni sifa, tukubaliane tu. Ukinenepa umenawiri, ndoa imekukubali, mume anatunza. Ukipungua ndipo watu wanaanza kunong'onezana.

Ila mwezi wa nane ukiingia wimbo unabadilika. Shangazi yangu alikuja kunitazama, akanikagua toka juu hadi chini, akasema: "Mwanangu, sasa punguza kula. Mtoto atakuwa jitu huyo, atashindwa kupita, watakupasua." Wifi yangu, ambaye amepasuliwa mara mbili, akaitikia kwa kichwa. Ofisini dada mmoja akanipa siri yake: alilala njaa mwezi mzima, mtoto akatoka kama samaki.

Simcheki shangazi. Yeye alizaa watoto wake mahali ambapo hospitali ya kupasua ilikuwa mbali, na barabara ikikatika masika ndiyo basi. Mtoto akikwama, umekwama naye. Ukimwambia mwanamke wa namna hiyo kwamba mtoto mdogo hana faida, atakushangaa. Na imani hiyo haikuanzia Kariakoo, wanawake wa nchi nyingi za Afrika na Asia wanaifuata mpaka leo. Mimi mwenye digrii yangu niliyepaswa kuuliza "chanzo chako ni nani?" sikuuliza. Nilikuwa natafuta mtu wa kunipa kazi ya kufanya na woga wangu. Akanipa.

Basi bwana, nikaanza. Asubuhi chai ya rangi na nusu chapati. Mchana tikiti au nanasi la kwenye mfuko. Usiku maji. Jaribu wewe kufunga namna hiyo huku dirisha lako linaangalia mihogo ya kukaanga! Saa 12 jioni harufu ya mishikaki inapanda ngazi, inagonga hodi, inaingia bila kukaribishwa. Chipsi mayai zinatoka chini, supu inatoka uchochoroni, na ukifunga dirisha unakufa kwa joto. Mume wangu alikuwa akirudi kazini nimeshalala, au najifanya nimelala. Akiuliza nimekula nini namwambia nimekula mapema.

Njaa ikizidi nilikuwa na dawa yake. Pemba. Kwa wale msiojua (wanaume wengi hamjui, najua), pemba si kisiwa tu, ni udongo wa kula. Vidonge vya udongo mkavu, vinapangwa kwenye sinia pale sokoni karibu na ubuyu na viungo, na wateja wake wakubwa ni sisi wenye matumbo. Ukitafuna unasikia ile harufu ya mvua ya kwanza inapogonga vumbi. Tamu, nasema kweli. Mkobani mwangu kilikuwapo kinasa sauti, kalamu mbili, kitambulisho cha kazi na kifuko cha udongo. Nimewahi kukaa kwenye mkutano na waandishi wa habari, kiongozi anasoma hotuba, mimi nasaga ardhi ya Tanzania taratibu.

Kinachonikera nikikumbuka ni kwamba mahesabu niliyajua. Nilikuwa nimesoma mwongozo ule wa Wamarekani wa mwaka 2009 unaotumika sehemu nyingi: mwanamke aliyeanza mimba na uzito wa wastani kwa urefu wake anatarajiwa kuongezeka kilo 11 na nusu hadi 16 mpaka siku ya kujifungua. Aliyeanza akiwa mwembamba aongezeke zaidi, aliyeanza akiwa mnene apungukiwe. Ile miezi ya mwisho ni kama nusu kilo kwa wiki au chini kidogo. Na lile suala la kula kwa watu wawili, kinachohitajika cha ziada mwishoni ni kalori 450 hivi kwa siku, yaani mlo mdogo tu wa kuongezea, hakuna haja ya sinia la pili la pilau. Mimi nilianza na kilo 61, urefu sentimeta 162. Wiki ya 33 nilikuwa 71, na viatu na mkoba juu yake. Nilikuwa ndani ya mstari kabisa! Lakini mtu mwenye woga hasomi ili ajue, anasoma ili aogope vizuri.

Wiki ya 34 nikawa 72. Nikafurahi. Siku tisa baadaye nikapanda mzani, kijana akainama, akatazama, akakuna kichwa.

"Dada, sabini na tano na nusu."

"Mzani wako mbovu."

Akashuka kwenye kigoda chake akapanda mwenyewe. Hamsini na nane. "Mimi siku zote hamsini na nane," akasema, kwa unyonge kidogo, kama anaomba radhi kwa niaba ya mzani.

Kilo tatu na nusu kwa siku tisa, na usiku silali na kitu tumboni. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza zimetoka wapi. Mimi nilijiuliza nipunguze nini tena. Nikaacha ile nusu chapati. Pete ilikuwa haitoki, viatu vya ofisini vilikuwa vimenikataa natembea na kandambili, na asubuhi uso ulikuwa umejaa mpaka macho yamekuwa madogo. Mtaani sifa zikaongezeka: umependeza, mimba imekukaa. Kichwa kilikuwa kinauma, nikasema ni njaa, au ni hii habari niliyochelewa kuimaliza. Kliniki ilikuwa imebaki siku tano. Ningeweza kwenda kabla ya siku. Sikwenda, kwa sababu niliogopa nesi atanigombeza kwa kunenepa.

Jumatano iliyopita siku ikafika.

Nesi wa zamu alikuwa mama mtu mzima, wale wa miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, akanifunga kipimo cha presha mkononi. 146 kwa 94. Hakusema kitu. Akanilaza kwa ubavu wa kushoto, akanifunika kanga, akaniacha nusu saa nikisikiliza feni. Akarudi, akapima tena. 144 kwa 92. Akanipa kikopo cha mkojo. Kile kijiti walichochovya kikabadilika rangi, nikamwona anaandika alama mbili za kujumlisha. Halafu akashika mguu wangu, akabonyeza kwa dole gumba juu ya mfupa, akaachia. Shimo likabaki pale pale. Tukalitazama wote wawili.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo."

"Macho je? Unaona ukungu, au vitu vinametameta?"

"Hapana."

"Hapa chini ya mbavu?"

"Hapana mama."

"Unakula nini?"

"Nakula vizuri tu."

Akafungua kadi yangu. Damu 9.6, wakati mjamzito anatakiwa asipungue 11. Akanitazama juu ya miwani. "Na pemba?"

Nilicheka. Kisha sijui ilikuwaje, nikawa nalia, nalia kwa sauti na kamasi, mbele ya wanawake wenzangu kumi wanaosubiri zamu. Nikamwambia kila kitu: shangazi, chai ya rangi, mzani wa Msimbazi. Yule mama akanipa pamba nijifute. "Mwanangu," akasema, "hizi kilo si za chakula. Ni maji. Wewe ulikuwa unapigana na maji kwa njaa."

Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki ya 20, na protini ipo kwenye mkojo, hiyo ndiyo hali inayotangulia kifafa cha mimba. Tatizo linaanzia kwenye kondo la nyuma, mishipa yake ya damu haikujengeka sawasawa, na mwili mzima wa mama unalipa: mishipa inabana, figo zinavuja protini, maji yanakimbilia miguuni, mikononi na usoni. Mimba ya kwanza iko kwenye hatari zaidi. Miguu kuvimba peke yake mwezi wa tisa ni jambo la kawaida, lakini uso kuvimba na kilo kuruka ghafla hapana. Na kujinyima chakula hakutibu chochote hapo. Dawa yake ya mwisho ni kuzaa. Mpaka hapo wanakupa vidonge vya presha na kukuchunga, na hali ikiwa mbaya zaidi kuna sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo utafiti mkubwa wa kimataifa uliotolewa mwaka 2002 ulionyesha inapunguza hatari ya degedege kwa zaidi ya nusu.

Wakanilaza siku mbili. Wakanipiga picha ya tumbo. Daktari, kijana wa rika langu, akasema mtoto ana kilo mbili na robo hivi, mdogo kuliko wiki zake.

Nilitaka mtoto mdogo. Nikapewa.

Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya njaa yangu. Akasema kwa presha hii sababu kubwa ni kondo lenyewe, damu haimfikii mtoto vya kutosha. Nikamuuliza tena. Akarudia jibu lile lile, ila mara ya pili aliongeza, "lakini kuanzia leo kula." Ile "lakini" bado ninayo.

Kesho yake mama akaja. Alipanda treni ya umeme kutoka Morogoro, kabla ya mchana yuko kando ya kitanda ana hotipoti ya ndizi na samaki. Nilimwambia jina la ugonjwa. Akaweka kijiko chini, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaanza kunisimulia habari za mdogo wake.

Mama mdogo huyo simkumbuki. Alifariki mwaka 1997, mimi mtoto mchanga. Nyumbani likiulizwa swali jibu lilikuwa neno moja: uzazi. Amekufa kwa uzazi, utadhani uzazi ni jina la ugonjwa kama surua. Nimekua na neno hilo, na nadhani woga wangu wote umeota hapo. Kumbe alikuwa na mimba ya kwanza, miaka 22. Kumbe alivimba uso watu wakamsifia kwamba amenawiri. Kichwa kilimuuma siku mbili, akawa anasema anaona cheche machoni. Usiku akaanza kukakamaa. Wengine wakasema degedege, wengine wakasema mashetani, mtu akatumwa kwa mganga. Gari lilipatikana asubuhi.

"Sikukuambia," mama akasema, "sikutaka kukutia hofu."

Siku yangu ya kwanza kliniki, wiki ya 12, nesi aliniuliza: katika familia yenu kuna aliyewahi kupata kifafa cha mimba? Nilijibu hapana, haraka haraka, kama mtu anayejaza fomu ya benki. Nimewauliza mawaziri maswali magumu mbele ya kamera. Mama yangu sikuwahi kumuuliza mdogo wake alikufaje.

Kuna jambo jingine. Ule Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulipotoka, mimi ndiye niliyeandika habari yake gazetini kwetu. Vifo vya uzazi vimeshuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000, kama ilivyokuwa kwenye utafiti wa 2015/16, hadi 104. Na wanaojifungulia kwenye vituo vya afya wamefika asilimia 81. Kichwa cha habari nilikitunga mwenyewe na nilikipenda. Bado nasema ni kazi kubwa iliyofanyika, kijiti kile cha mkojo na nesi yule ni sehemu yake. Lakini usiku ule wodini, kitanda cha pili kuna dada anapimwa presha kila baada ya muda mfupi, ile 104 ilinigeuka. Nilikuwa naihesabu kwa vidole, mmoja mmoja, kila mmoja ana mama mdogo kichwani kwangu.

Basi. Wakaniruhusu kwa masharti: vidonge, kurudi kupimwa, kuhesabu mtoto anavyocheza, na kichwa kikiuma sana au macho yakibadilika nisisubiri hata dakika. Wiki ya 37 ikitimia wananianzishia uchungu. Ndiyo kesho.

Mama amechukua jiko. Nakula dagaa, maharage, mchicha, mayai, ugali wa kutosha. Pemba ameitupa mwenyewe, nadhani hata mkoba aliupekua. Mume wangu nilimwambia ukweli juzi usiku, kwamba naogopa kufa. Alinyamaza, halafu akasema na yeye anaogopa, amekuwa akiogopa tangu mwezi wa tano, na alikuwa akichelewa kurudi ili nisimwone usoni. Tulicheka kidogo. Tangu hapo ndiyo ameanza huu ugonjwa wa kuhesabu glovu.

Msidhani nimekuwa jasiri. Jana usiku niliamka mara nne kuhakikisha naona saa ya ukutani vizuri.

Jioni hii tulitoka mimi na mama kununua doti mbili za kanga kule Mtaa wa Uhuru, tukarudi polepole kupitia Msimbazi. Kijana akaniona kwa mbali. "Mama kijacho! Umepotea!" Akafuta mzani kwa kitambaa. Nikamwambia leo sipimi, kesho naenda kuzaa. Akashtuka, akazima spika kabisa, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akasema mtoto nimlete, atampima bure. Mama akamuuliza kama mzani wake unaweza kusoma kilo mbili. Akaufikiria mzani wake kwa makini, akasema sina uhakika mama, lakini nitapanda naye halafu tutatoa yangu, mimi siku zote hamsini na nane.

Haya, mama ameamka, anauliza kwa nini taa inawaka mpaka saa hizi. Nazima. Kutwa njema wadau, nitawaambia.